Chembe sahani: tunaiongezea damu karatasi

Msimu wa kidingapopo (dengi) ukiingia Dar es Salaam au Mombasa, kuna karatasi moja inayoizunguka familia nzima kwa WhatsApp kabla daktari hajamaliza kuisoma. Ni majibu ya FBP, kile kipimo cha kuhesabu seli zote za damu, na mtu ameshaizungushia wino pale palipoandikwa PLT 28. Maana yake chembe sahani (platelets), zile chembe ndogo zinazoziba jeraha damu isivuje, ni 28,000 kwa kila mikrolita ya damu, ilhali kawaida ni 150,000 hadi 450,000. Kufika jioni ndugu sita wako foleni benki ya damu, na mgonjwa mwenyewe amekaa kitandani anakunywa uji, hatoki damu popote.

Sehemu kubwa ya chembe sahani zinazohangaikiwa namna hiyo hazimsaidii mgonjwa chochote, na baadhi humdhuru. Hayo si maoni ya mitaani. Tafiti za zaidi ya miaka kumi na mitano sasa, zilizofanywa kwa kura ya kugawa wagonjwa makundi, zinasema hivyo karibu kwa sauti moja. Linalobaki kuwa maoni ni hili: sisi wa Afrika Mashariki, tusio na damu ya kuchezea, ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kuzisikiliza.

Tuanze na namba yenyewe, maana wakati mwingine ni ya uongo.

Mashine nyingi za maabara zetu huhesabu kwa ukubwa. Damu iliyochanganywa na maji maalumu hupitishwa kwenye tundu dogo, na kila kinachopita hupimwa: kilicho kidogo kinaandikwa chembe sahani, kikubwa kinaandikwa seli nyekundu. Chembe zikishikana na kufanya vifundo, mashine haizitambui tena. Kifundo kinaachwa au kinahesabiwa kama seli nyeupe, na mtu mwenye chembe 200,000 anatoka na karatasi ya 40,000. Kinachozishikanisha mara nyingi ni EDTA, ile dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Kwa mtu mmoja hivi katika elfu, EDTA hufunua sehemu fulani ya chembe ambayo kingamwili zake huing'ang'ania. Si ugonjwa, ila huonekana ugonjwa. Sababu nyingine ni mkono wa mchukua damu: sindano iliyohangaika kwenye mshipa, damu iliyotiririka polepole, chupa ambayo haikugeuzwa mara nane hadi kumi papo hapo.

Kosa huenda upande wa pili pia, nalo halisemwi sana. Mgonjwa mwenye upungufu mkali wa madini ya chuma ana seli nyekundu ndogo mno na vipande vya seli, na mashine huviita chembe sahani. Namba inapanda, kila mtu anatulia, kumbe chembe halisi ni chache. Na wale wachache waliozaliwa na chembe kubwa kupita kiasi, mashine huzihesabu chembe zao kama seli nyekundu.

Dawa ya haya yote ni slaidi. Paka tone la damu, likauke, tia rangi, kisha anza kwenye kingo na mkiani, ambako vifundo hupenda kujikusanya. Halafu nenda mahali seli nyekundu zimetandazwa bila kupandana, weka lenzi ya mafuta ya mara 100, hesabu chembe katika mawanda kumi, yaani maeneo kumi yanayoonekana kwa lenzi, tafuta wastani, zidisha kwa 20,000. Wastani wa chembe kumi kwa kila uwanja ni kama 200,000. Ukikuta vifundo, rudia damu kwenye chupa ya kifuniko cha buluu yenye sitreti, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ipime mara moja, kisha zidisha jibu kwa 1.1, kwa sababu sitreti ni ya majimaji na imeipunguza damu kwa sehemu moja ya kumi. Dakika ishirini za kazi, bei ya kioo na rangi. Binafsi ningeweka kanuni kavu: hakuna ombi la chembe sahani linalopokelewa benki ya damu bila neno "slaidi imesomwa" na sahihi ya aliyeisoma, isipokuwa mgonjwa anavuja damu wakati huo huo.

Sasa, namba ikiwa ya kweli, tunaogopa ipi? Historia yake ni ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1962 Gaydos na wenzake nchini Marekani walichapisha takwimu za wagonjwa wa saratani ya damu, wakionyesha kwamba chembe zikishuka, siku za kuvuja damu huongezeka. Wenyewe hawakuona mstari wowote ambapo hatari inaanza ghafla. Lakini wodi zinapenda mstari, na 20,000 ikajiingiza kama sheria. Zaidi ya hapo, zama hizo wagonjwa walipewa aspirini kwa homa, na haikujulikana bado kwamba aspirini huzilemaza chembe sahani. Mstari ule ulipimwa kwa chembe zilizokwisha kudhoofishwa.

Mwaka 1985 Hanson na Slichter walikadiria kwamba mwili hutumia takriban chembe 7,100 kwa mikrolita kila siku kwa kazi ya kuziba vipenyo vidogo vya mishipa. Ndiyo kazi ya chini kabisa, kama mafundi wanaopita kila asubuhi kuziba matundu ya bomba. Kwa hesabu hiyo 10,000 inatosha kwa mtu ambaye hana homa kali, hana maambukizi ya damu na hafanyiwi upasuaji. Mwaka 1997 Rebulla na wenzake wa Italia wakalipima jambo hilo kwa wagonjwa 255 wa saratani kali ya damu: waliosubiri hadi 10,000 hawakuvuja damu kwa hatari kuliko waliosubiri 20,000, na walitumia chembe pungufu kwa zaidi ya moja ya tano.

Utafiti ambao ningependa kila daktari wa wodi za saratani Dar, Nairobi na Kampala aujue kwa moyo ni PLADO, wa mwaka 2010. Uligawa wagonjwa zaidi ya 1,200 makundi matatu kwa dozi: ndogo, ya kati na kubwa. Dozi ndogo ilikuwa chembe bilioni 110 kwa kila mita ya mraba ya ngozi, ya kati mara mbili yake, kubwa mara nne. Waliovuja damu ya kiasi cha kuhesabika walikuwa asilimia 71, 69 na 70. Tofauti haipo. Wa dozi ndogo waliongezewa mara nyingi zaidi, lakini jumla ya chembe walizotumia ilikuwa ndogo.

Igeuze hesabu hiyo iwe mifuko. Mtu mzima wa kawaida ana ngozi ya mita 1.7 za mraba. Dozi ndogo kwake ni chembe bilioni 187. Mfuko mmoja uliotengenezwa vizuri kutoka chupa moja ya damu una angalau bilioni 55. Hivyo anahitaji mifuko mitatu au minne. Kwa mazoea anaandikiwa sita, na pasipo mazoea mazuri nane. Nusu ya foleni ile ya ndugu ingebaki nyumbani.

Je, tuache kabisa kuongeza kwa kinga, yaani kabla mgonjwa hajavuja damu? Hapana, na hapa wanaotaka jibu rahisi watanikasirikia. TOPPS, uliofanyika Uingereza na Australia na kuchapishwa 2013, ulijaribu hilo kwa wagonjwa 600. Wasiopewa kinga walivuja damu asilimia 50, waliopewa asilimia 43. Kinga inasaidia, japo kidogo, kwa mtu wa saratani ya damu aliye chini ya 10,000 ambaye uboho wake umezimwa na dawa. Na mwaka 2023 PACER wa Uholanzi ukatukumbusha kwamba kisu na sindano vina sheria zao: wagonjwa wenye chembe kati ya 10,000 na 50,000 waliowekewa mrija kwenye mshipa mkubwa bila kuongezewa kwanza walivuja damu ya maana asilimia 11.9, dhidi ya 4.8 kwa walioongezewa. Hata hivyo, miongozo ya kimataifa ya mwaka 2025 ya AABB na ICTMG, mashirika ya wataalamu wa kuongeza damu, imebaki na 10,000 kwa mrija unaowekwa mahali panapoweza kukandamizwa kwa mkono, na 20,000 kwa kuchoma uti wa mgongo. Wamepima faida na hasara, wakaona damu iliyotoka pale mrija ulipoingia mara nyingi ni ya kubana kwa shashi.

Madhara ndiyo yaliyonishtua zaidi katika tafiti hizi. PlaNeT-2, mwaka 2019, uliwachukua watoto 660 waliozaliwa kabla ya wakati huko Uingereza, Ireland na Uholanzi. Waliowekwa kwenye kundi la kuongezewa wakifika chini ya 50,000 walikufa au kuvuja damu kwa hatari asilimia 26. Waliosubiri hadi chini ya 25,000, asilimia 19. Chembe nyingi zaidi, vifo vingi zaidi. Mfuko wa chembe za mtu mzima hauingii kwenye mwili wa kichanga kama maji. Una kazi za uvimbe na kinga ambazo hatujazielewa vyema, na ujazo wenyewe, mililita 15 kwa kilo kwa muda mfupi, ni mzigo kwa mishipa myepesi ya ubongo. PATCH wa 2016 ulikuta jambo linalofanana kwa watu wazima waliopata kiharusi cha kuvuja damu wakiwa wanatumia aspirini au dawa za jamii hiyo: walioongezewa chembe waliishia vibaya zaidi kuliko wasioongezewa.

Turudi kwenye kidingapopo, maana ndiko hofu ilipo. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa hospitali za Singapore na Malaysia. Watu wazima 372 wenye dengi na chembe 20,000 au chini, wasiovuja damu au wenye vidoa vya ngozini tu. Nusu waliongezewa kila siku chembe zikibaki chini, nusu walitunzwa tu. Waliovuja damu: asilimia 21 na 26, tofauti ambayo bahati peke yake inaweza kuileta. Madhara, kama vipele na kupumua kwa shida, yakawa mengi upande wa walioongezewa. Miongozo ya 2025 inasema wazi: dengi bila kuvuja damu kwa hatari, usiongeze.

Kinachoua kwenye dengi ni maji ya damu kuvuja kutoka mishipani, si uhaba wa chembe. Hutokea homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, kwa saa 24 hadi 48. Wakati familia inafurahi homa imeondoka, ndipo mtu anapoweza kuzimia. Kwenye FBP ile ile, tazama hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo seli nyekundu: ikipanda huku chembe zikishuka haraka, damu inazidi kuwa nzito kwa kupoteza maji, na tiba ni dripu iliyopimwa saa kwa saa. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, ufizi kutoka damu, kulegea au kuhangaika, hizo ndizo dalili za kukimbiza mtu hospitali hata chembe zikiwa 90,000. Na tafadhali, ile sindano ya diklofenaki inayochomwa kwa kila homa kwenye zahanati za mtaani iachwe. Inazilemaza chembe chache zilizobaki. Parasetamoli inatosha.

Majani ya mpapai? Kuna tafiti ndogo za Asia zinazoonyesha namba inapanda mapema kidogo. Hakuna iliyoonyesha kwamba watu wanavuja damu kidogo au kufa kidogo. Na chembe za dengi hupanda zenyewe baada ya siku chache, hivyo anayekunywa chochote siku ya sita atakisifu siku ya nane. Ubaya ni kwamba juisi ile chungu humtapisha mgonjwa anayehitaji maji.

Kwa malaria habari ni fupi. Watafiti wa Kilifi waliwapima watoto zaidi ya elfu moja na kukuta zaidi ya nusu wana chembe chini ya 150,000, na hilo halikuambatana na kuvuja damu wala vifo. Tibu malaria, chembe zitarudi.

Kuna magonjwa ambayo kumwaga chembe ni kumimina maji kwenye pakacha. ITP ni mojawapo: kinga ya mwili inazila chembe, za kwako na za kuazimwa, ndani ya saa chache. Mgonjwa hupewa prednisoloni, miligramu 1 kwa kilo kwa siku, au deksamethasoni miligramu 40 kwa siku nne, baada ya kupimwa VVU na homa ya ini ya C, maana virusi hivi hujificha nyuma ya sura ile ile. Chembe huongezwa tu akivuja damu ya kutishia uhai, pamoja na dawa hizo. TTP ni hatari zaidi: chembe zinaisha kwa sababu zinajenga mabonge ya damu kwenye mishipa midogo ya ubongo na figo. Slaidi, hiyo hiyo tena, huonyesha seli nyekundu zilizokatika. Huyo anahitaji kubadilishwa plazma (maji ya damu), na akikosa hiyo, kuongezewa plazma akingoja rufaa. Halafu kuna Glanzmann, ugonjwa wa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, unaoonekana zaidi kwenye koo zenye desturi ya kuoana binamu. Namba ni kamili, 250,000, lakini chembe haziwezi kushikana. Mtoto anatoka damu puani kwa muda wa saa tatu na karatasi inasema mzima. Kila mfuko anaopewa unaweza kuufundisha mwili wake kuunda kingamwili dhidi ya kile kile asichokuwa nacho, na siku ya dharura ya kweli chembe zitakataliwa. Kwa hiyo kwanza ni kubana, vidonge vya asidi ya traneksamiki vya kupunguza kuvuja damu, kisha mfuko.

Nikubali jambo moja: hata mfuko unaostahili mara nyingi huharibika njiani. Damu ya kutengenezea chembe isiingie kwenye friji. Ikae nyuzi 20 hadi 24 na itenganishwe ndani ya saa 8. Inazungushwa polepole kwanza, plazma yenye chembe inahamishwa, inazungushwa tena kwa nguvu, plazma ya ziada inaondolewa, zinabaki mililita 50 hadi 70. Mfuko unalazwa tuli saa moja, kisha unawekwa kwenye mashine ya kutikisa. Bila kutikiswa, gesi haipiti ukutani mwa mfuko, chembe zinageukia kuzalisha asidi, na pH (kipimo cha asidi) ikishuka chini ya 6.2 zimekufa. Ushike mfuko kwenye mwanga, uubinye taratibu: chembe hai ni bapa na hufanya mawimbi yanayometa kama moshi, zilizokufa ni duara, mfuko unabaki na ukungu tu.

Mfuko huo hukaa siku tano, basi, kwa sababu nyuzi 22 ni joto zuri kwa bakteria pia. Ngozi ya mchangiaji isuguliwe na klorheksidini ya asilimia 2 ndani ya spiriti kwa sekunde 30, iachwe ikauke sekunde 30 nyingine, bila kuipapasa tena kwa kidole, na damu ya kwanza ielekezwe kwenye kifuko cha pembeni cha kuchukulia vipimo, maana ndiyo hubeba kipande cha ngozi. Wodini makosa ni matatu: mfuko kuhifadhiwa kwenye friji ya seli nyekundu, kupitishwa kwenye mpira uliokwisha pitisha seli nyekundu, na kusubiri zamu ibadilike. Ukifika, uingie, kwa mpira mpya wenye chujio, ndani ya dakika 30 hadi 60. Kisha hatua inayorukwa kila mahali: pima chembe dakika 10 hadi 60 baada ya kumaliza. Zisipopanda mara mbili mfululizo kwa mifuko mibichi ya kundi linalolingana, huenda kuna kingamwili, na mfuko wa tatu wa aina ile ile ni kupoteza.

Hapo ndipo ninapoona utafiti wetu ulipo. Tangu Murphy na Gardner waonyeshe mwaka 1969 kwamba chembe zilizokaa baridi hutoweka haraka mwilini, dunia ilihamia nyuzi 22. Baridi hubadilisha sukari kwenye uso wa chembe, na ini huzizoa. Lakini kwa mtu anayevuja damu sasa hivi, mama aliyejifungua au kijana wa bodaboda, kuishi siku moja kunatosha, na chembe za baridi hushika haraka. Mwaka 2023 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliruhusu zihifadhiwe kwa nyuzi 1 hadi 6 hadi siku 14, bila kulazimu kutikiswa, kwa wanaovuja damu pale ambapo za kawaida hazipatikani. Friji ya damu tunayo hadi wilayani. Mashine ya kutikisa yenye kiyoyozi na umeme usiokatika hatuna.

Jaribio lenyewe si gumu kulichora. Wanaovuja damu tu, kundi moja lipewe chembe za baridi, jingine damu nzima mbichi ambayo hospitali za wilaya zinaitumia tayari. Kinachohesabiwa kiwe damu iliyopotea katika saa sita, mifuko iliyotumika, na nani yuko hai siku ya 28. Safu ya PLT iwepo kwenye fomu, ila kwenye ukurasa wa pili.